Babu Hakurudi Kuibadili Jana

Kwetu Kasulu, na kwa jirani zetu wa Kibondo, wapo wazee waliohamishwa wakati wa vijiji vya ujamaa, miaka ya 1970. Mzee akienda kutazama mahame yake, shamba analikuta. Siku ile haikuti. Iko wapi? Swali hilo hilo linazuka tunaposoma Babu Alipofufuka (2001), riwaya ya Said Ahmed Mohamed, ambamo babu aliyekufa anarudi kumkabili mjukuu wake, K.

Hebu tujiulize: kurudi nyuma katika wakati kunaingia akilini? Wapo wanafalsafa wasemao kilichopo ni sasa tu. Kwa hao jana haipo, basi hakuna pa kwenda. Wengine husema jana, leo na kesho zote zipo, kama Kibondo ilivyopo hata ukiwa Kasulu. Hapo safari inawezekana, lakini David Lewis alionyesha mwaka 1976 kwamba msafiri habadilishi kitu: atakalolifanya jana lilikwisha kufanyika.

John Mbiti, katika kitabu chake cha 1969, alichora picha nyingine. Matukio hutoka Sasa kwenda Zamani, na wakati ujao wa mbali karibu haupo. Marehemu anayekumbukwa kwa jina bado yumo katika Sasa. Ukimfuata Mbiti, Babu hasafiri, hajaondoka bado.

Maelezo hayo yanavutia, ila mimi nina wasiwasi nayo. Mbiti aliegemea vitenzi vya Kikamba na Kigikuyu, kisha akaisemea Afrika. Kirundi, ndugu wa Kiha chetu, hutumia neno moja, ejo, kwa jana na kwa kesho. Kitenzi ndicho kinachoamua. Mtu akijenga falsafa juu ya neno hilo, si atasema kesho ipo sawasawa na jana? Kwame Gyekye naye alimpinga Mbiti kwa kutumia Kiakani. Lugha moja haitoshi.

Kwa maoni yangu, riwaya yenyewe inaelekea kwa Lewis. Babu haifuti jana, anamlazimisha K. aitazame. Tena falsafa ya "kilichopo ni leo tu" ingemfaa sana K.: kama jana haipo, deni lake liko wapi? Ndiyo maana "yaliyopita si ndwele" humtoka kirahisi mkosaji kuliko mkosewa. Mzee wa mahame haombi arudishwe siku ile. Anataka tu tusimwambie kwamba haikuwapo.

Mwenye hoja tofauti na ajibu katika toleo lijalo.