Nani Alimzaa Shujaa? Nasaba Zinazokinzana katika Mighani

Kila mwaka kabla ya kufunza mighani huwapa wanafunzi wangu zoezi moja dogo. Kila mmoja aniletee majina ya baba na mama wa babu yake, pamoja na mahali babu huyo alipozaliwa. Siku ya Ijumaa zoezi huonekana jepesi. Jumatatu wanarudi wamekunja nyuso. Nyanya kasema hili, ami kasema lile, cheti cha ubatizo kina jina moja na kitambulisho kina jingine. Mwanafunzi mmoja, ambaye jamaa zake wameishi katika kambi za majani chai kwa vizazi vitatu, alikuta kitambulisho cha marehemu babu yake kikisema alizaliwa Kericho, ilhali nyumbani wote wanajua alitoka Kisii akiwa kijana, akaja kuchuma chai. Yamkini karani aliandika mahali alipomkuta.

"Mwalimu, sasa tuandike lipi?" Hilo ndilo swali la makala haya. Mtahiniwa akiulizwa kuhusu shujaa wa mighani, huandika sentensi moja ya haraka kuhusu kuzaliwa kwake, kisha hukimbilia nguvu zake na usaliti uliomwua. Dai langu ni kwamba kumbukumbu zinapokinzana kuhusu wazazi wa shujaa na mahali alipozaliwa, ukinzani huo ni sehemu ya maana ya kazi yenyewe. Anayechagua jibu moja na kuyanyamazia mengine huwa ameuacha nje mgogoro mkuu.

Ndugu watatu, majina matatu

Tuanzie nyumbani. Historia ya Wanandi na Wakipsigis humtaja Kimnyole arap Turukat, orkoiyot aliyeuawa na watu wake mwenyewe yapata mwaka 1890. Miongoni mwa wanawe hutajwa Koitalel arap Samoei, aliyeongoza upinzani wa Wanandi hadi alipouawa na Richard Meinertzhagen tarehe 19 Oktoba 1905. Kipchomber arap Koilegen, aliyehamia kwa Wakipsigis akawa orkoiyot wao. Na Kibuigut arap Boisio. Sasa mpe orodha hii msomaji wa Mombasa au Lindi, umweleze tu kwamba "arap" ni "mwana wa". Atakujibu papo hapo kwamba hawa si ndugu: mmoja ni wa Samoei, wa pili wa Koilegen, wa tatu wa Boisio, na hakuna hata mmoja aliye wa Kimnyole.

Hitilafu iko katika usomaji wake. Jina la "arap" hupewa mwanamume baada ya kutahiriwa, nalo halifanyi kazi kama jina la ukoo katika kitambulisho. Katika jamii hizi mtu hubeba majina kadhaa: la jamaa aliyekufa ambalo huitwa mtoto anapozaliwa, la wakati au hali ya kuzaliwa kwake, na la utu uzima. Kwa hiyo baba mmoja aweza kutajwa kwa majina tofauti. Aidha, mila humruhusu mwanamke asiyejaliwa mwana kuoa mke, na watoto wa mke huyo wakahesabiwa katika nyumba ya mume. Swali "baba yako ni nani?" laweza basi kuwa na majibu mawili, yote ya kweli. Karani mwenye safu moja tu ya jina la baba hana pa kuliweka jibu la pili.

Kuhusu mzazi wa kwanza wa ukoo wa Talai, ukoo wa maorkoiyot hao, utata huzidi. Yapo masimulizi yanayosema alitoka kwa Wamaasai. Yapo yanayomhusisha na simba, ambaye ndiye nembo ya ukoo. Je, ni mgeni au ni mwenyeji mwenye asili ya ajabu? Usidhani hili ni fumbo la wazee wa kuota moto. Mwaka 1914 serikali ya kikoloni ilimhamisha Koilegen pamoja na nduguze, naye akafia uhamishoni Fort Hall, leo Murang'a, mwaka 1916. Mwaka 1934 ilitungwa sheria ya kuwaondoa Watalai Kericho, wakapelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Tazama sheria hiyo iliwaitaje: "Laibons", neno lililotoholewa kutoka Kimaasai, badala ya jina wanaloitwa na Wakipsigis wenyewe. Kwa neno hilo moja, hati ya serikali ilikuwa imeegemea upande wa masimulizi ya ugeni, na mgeni ni rahisi kuhamishwa. Tena kilichoadhibiwa kilikuwa kuzaliwa katika ukoo fulani, hata kwa mtoto asiyetenda lolote. Mwaka 2022 Watalai na Wakipsigis waliwasilisha malalamiko dhidi ya Uingereza katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya kuhusu ardhi waliyoporwa wakati wa ukoloni. Huku kwetu, nani alimzaa nani ni jambo linalofika mahakamani.

Liyongo ni mwana wa nani?

Tukiwa na jicho hilo, tumgeukie Fumo Liyongo, shujaa anayejulikana sana na watahiniwa. Maandishi mawili hutegemewa mno. Edward Steere alichapisha hadithi ya nathari mwaka 1870 kutokana na masimulizi aliyoyakusanya Unguja. Muhammad Kijumwa, mshairi wa Lamu, aliandika utenzi wake mwaka 1913.

Kwanza, alikuwa wa mji gani? Hadithi ya Steere humweka Shanga, mji wa kisiwa cha Pate. Masimulizi mengine humtaja Shaka, upande wa bara karibu na Kipini, na huko Ozi ndiko kunakosemwa kuwa liko kaburi lake. Zingatia pia kwamba katika hati za kale za Kiarabu sauti za "g" na "ng" aghalabu ziliandikwa kwa herufi moja, hivyo Shaga na Shanga haziwezi kutenganishwa kwa macho. Hapa ushahidi wa nje ya maandishi husaidia kidogo. Uchimbuzi wa Mark Horton huko Shanga katika miaka ya 1980 ulionyesha kuwa mji huo ulihamwa yapata mwaka 1425. Anayemweka Liyongo katika karne ya 17, kama wafanyavyo baadhi ya wataalamu, hawezi pia kumfanya mkazi wa Shanga iliyostawi.

Pili, alikuwa na haki gani ya kutawala? Baadhi ya wasimulizi husema yeye na Mringwari, mtawala wa Pate, walichangia baba, ila Liyongo alikuwa wa mke mdogo. Wengine husema walikuwa binamu, na Mringwari alirithi kupitia upande wa mama. Soma tena kwa makini. Kila nasaba hapa ina sheria yake ya urithi. Ukikubali ya kwanza, urithi hupitia kwa baba na cheo cha mama huamua. Ukikubali ya pili, urithi hupitia kwa mwanamke, na mwana wa mfalme hana chake. Hofu ya Sultani basi haitokani na misuli ya Liyongo pekee. Anamwogopa mtu ambaye, nasaba ikisomwa kwa njia nyingine, kiti ni chake.

Tatu, nani alimwua? Utenzi humtaja mwanawe mwenyewe, aliyezaliwa na mwanamke wa Kigala, akashawishiwa na Sultani kwa ahadi kubwa. Baadhi ya masimulizi humtaja mpwa badala ya mwana. Tofauti hii hulingana na ile ya urithi, kwa maana panaporithiwa kwa upande wa mama, mpwa ndiye mrithi. Vyovyote iwavyo, anayeshika sindano ya shaba ni yule ambaye damu ingempa nafasi ya Liyongo. Upande wa pili yuko mama. Ndiye anayeoka mkate wenye tupa unaopelekwa gerezani, na ndiye anayekwenda kumsihi mwanawe kisimani asijue kwamba amekwisha kufa. Masimulizi yanayobishana kuhusu ukoo wa Liyongo humpa mama peke yake uaminifu usiotiliwa shaka.

Darasani tufanye nini?

Sisemi kwamba kila toleo lina uzito sawa. Tumeona jinsi magofu ya Shanga yanavyoweza kulipunguzia dai nguvu. Wala sisemi kwamba Koilegen na Liyongo ni hadithi moja. Ninachosema ni kwamba mwanafunzi aizoee tabia ya kuuliza mambo matatu kila anapokutana na nasaba ya shujaa. Nani anasimulia, na kutoka wapi? Alisimulia au kuandika lini? Na nasaba ikisomwa hivi, nani anapata na nani anakosa?

Kwa mtahiniwa, badiliko ni dogo. Badala ya kuandika "Liyongo alikuwa mwana wa fulani", aandike "kwa mujibu wa utenzi wa Kijumwa" au "katika baadhi ya masimulizi", kisha aonyeshe tofauti hiyo inavyokuza maudhui ya uongozi, urithi na usaliti. Mtahini huona mara moja kwamba amekutana na mtu aliyesoma.

Yule mwanafunzi wa kambini alichora mti wa ukoo wake akaandika mistari miwili chini ya jina la babu: "Kitambulisho: Kericho. Nyanya: Kisii." Hakufuta hata mmoja. Nilimpa alama zote.

Maswali ya kujipima

1. Eleza jinsi utata wa nasaba unavyochangia mgogoro katika mighani ya Fumo Liyongo.
2. "Kumwua shujaa kwa mkono wa mwana si sawa na kumwua kwa mkono wa mpwa." Jadili.
3. Kusanya masimulizi mawili yanayotofautiana kuhusu mwanzilishi wa ukoo wowote katika jamii yako. Eleza kila moja linamfaidi nani.