Ustadi wa Kukopa na Kujenga: Reli ya Delhi

Kujenga reli ya mjini ni kazi ya mafundi wa aina mbili: wa fedha na wa zege. Mara nyingi hawajuani. Wa fedha hutia saini ofisini, wa zege huanza kuchimba fungu la pili likiwa halijafika, na mji hubaki na mashimo. Kinachonivutia katika reli ya Delhi, India, ni jinsi mafundi hao walivyokwenda pamoja tangu mwanzo.

Wahindi walikuwa wameshaona yaliyoipata reli ya mjini ya Kolkata. Huko jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1972, treni ya kwanza ikapita mwaka 1984, na njia yenyewe, kama kilomita 17 tu, ikakamilika mwaka 1995. Fedha zilikuja kwa mafungu madogo ya bajeti, mwaka hadi mwaka. Haba na haba hujaza kibaba, lakini handaki halingoji kibaba kijae: kazi ikisimama, gharama zinaendelea kupanda.

Mwaka huohuo wa 1995 Delhi iliunda kampuni yenye wenye hisa wawili, serikali kuu na serikali ya Delhi, nusu kwa nusu. Hakuna aliyeweza kusema mradi ni wa mwenzake. Takriban asilimia 60 ya fedha za awamu ya kwanza zilikopwa Japani kwa riba nafuu, zilipwe kwa miaka 30, na miaka 10 ya mwanzo mtaji usidaiwe. Mkopaji mzembe huiona miaka hiyo kuwa nafasi ya kupumua. Fundi huiona kuwa muda aliopewa kazi: kabla haijaisha, treni ziwe zinatembea na nauli inaingia. Dawa ya deni ni kulipa, na reli isiyo na abiria haina cha kulipia.

Kazi alikabidhiwa mhandisi E. Sreedharan. Mwaka 1964, kimbunga kilipovunja daraja la Pamban linaloelekea kisiwa cha Rameswaram, yeye aliongoza ukarabati wake ukamalizika kwa siku 46. Baadaye aliongoza ujenzi wa reli ya Konkan, takriban kilomita 760 za milima na mito, ambayo sehemu kubwa ya fedha zake zilipatikana kwa kuuza hati fungani. Delhi alikwenda na jambo moja: mamlaka ya kuamua. Zabuni hazikuzunguka wizarani kwa miezi. Kwenye maeneo ya kazi kulitundikwa saa zinazohesabu siku zilizobaki, kila mtu azione.

Tazama njia ya juu inavyoungwa. Vipande vya zege humiminwa karakanani, kila kimoja kikigusana na kitakachokuwa jirani yake ili nyuso zao zikubaliane barabara. Huletwa kwa malori, mtambo ukavinyanyua kati ya nguzo na nguzo, vikapakwa gundi, kisha nyaya nene za chuma zikapitishwa ndani na kukazwa mpaka vyote vikashikana vikawa kitu kimoja. Chini yake magari yanapita. Na lori linapotoka eneo la kazi, magurudumu yake huoshwa kwanza, lisiburute tope barabarani. Mji uliotunzwa hivyo huuvumilia ujenzi kwa miaka.

Treni zenyewe zimefikiriwa kwa uangalifu uleule. Dereva anapofunga breki, mota hugeuka kuwa jenereta, na umeme unaozalishwa hurudishwa kwenye nyaya kuendesha treni nyingine iliyo karibu. Mradi huo wa breki ulisajiliwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2007, wa kwanza wa reli duniani kupata hati za kupunguza hewa ukaa, na hati hizo zikauzwa. Kusimama kwa treni kukawa chanzo cha mapato.

Ustadi huo haukukosa msiba. Julai 2009 sehemu ya njia iliyokuwa ikijengwa kusini mwa Delhi iliporomoka, wafanyakazi wakafa. Siku hiyohiyo Sreedharan aliandika barua ya kujiuzulu akisema jukumu ni lake. Barua ilikataliwa, akaendelea mpaka alipostaafu mwishoni mwa 2011. Namheshimu kwa barua ile kama ninavyomheshimu kwa daraja la Pamban.

Awamu ya kwanza, kilomita 65, ilikamilika mwishoni mwa 2005, karibu miaka mitatu kabla ya tarehe iliyopangwa. Japani ikakopesha tena awamu ya pili, ya tatu na ya nne, na leo mtandao umepita kilomita 350. Serikali zinazotafuta fedha za treni au za mabasi yaendayo haraka hujadili sana riba, na ni haki yao. Lakini ya Delhi yanaonyesha kwamba masharti mazuri huwafaa waliokwisha kujipanga kumaliza kazi, na kwamba mkopo wa pili huanza kutafutwa siku ile wa kwanza unapotumika vizuri.