Sifa Hazimjengi Msanii: Shaaban Robert, Siti binti Saad na Sisi wa Kijiweni

Ndugu msomaji, kabla sijaanza uhakiki wangu naomba nikiri kosa.

Nina rafiki niliyesoma naye hadi kidato cha nne. Wote wawili hesabu ilitutupa nje, wote wawili tukabaki mtaani, na kila mmoja alikuwa na kaunta buku lake ambamo alikuwa anaandika riwaya. Yeye alimaliza kwanza. Akaniletea nisome. Nilisoma sura tatu, nikachoka, nikarukia ya mwisho. Aliponiuliza vipi, nikamwambia, "Mshikaji, hii kitu ni moto. Kachapishe."

Akaniamini. Akakopa hela, akachapisha nakala 300. Mpaka leo zaidi ya nakala 200 ziko uvunguni mwa kitanda chake na wasomaji wake wakubwa ni panya. Deni analipa kidogo kidogo kwa kubeba mizigo sokoni. Kumbe katika sura ya nne, ile ambayo mimi sikuisoma, mtu aliyekwisha kuzikwa sura ya pili anapanda daladala na kudai chenji yake! Wanunuzi wachache waliofika hapo walicheka sana, na kicheko kile kilimfikia mwenyewe. Tangu siku hiyo hajaandika hata mstari.

Ndiyo maana safari hii nimekisoma kitabu cha *Wasifu wa Siti binti Saad* kwa jicho jingine. Nilikuwa natafuta jambo moja tu: msanii anamsaidiaje msanii mwenzake?

Wengi wetu tulikutana na Shaaban Robert darasani, akiwa swali la mtihani. "Eleza dhamira tatu katika *Kusadikika*." Ukishapata maksi zako, au ukishazikosa, humfungui tena. Hapa Dar es Salaam kuna mtaa wenye jina lake, ule wenye Makumbusho ya Taifa, na tunaupita kila siku tukiwahi mambo yetu. Tumemfanya mzee wa sanamu. Lakini hebu tumvue koti hilo la heshima tumtazame alivyoishi.

Alizaliwa mwaka 1909 karibu na Tanga. Alisoma Dar es Salaam kati ya 1922 na 1926, kisha akaajiriwa karani katika idara ya forodha. Mwaka 1944 alihamia idara ya mifugo kule Mpwapwa, 1946 akarudi Tanga katika ofisi ya wilaya, na baadaye akafanya kazi katika ofisi ya upimaji ardhi. Alifariki 1962. Kwa maneno mengine, mtu tunayemwita baba wa fasihi ya Kiswahili hakupata kazi ya kuwa mwandishi. Alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, wa kutumwa huku na kuhamishwa kule, na vitabu vyake zaidi ya 20 alivitunga ndani ya maisha hayo hayo ya kwenda kazini asubuhi.

Nasema hivi kwa sababu kijiweni kwetu kuna wimbo mmoja tunaoimba kila siku: "Nikipata kazi nzuri nitaandika. Nikipata chumba changu nitaandika. Nikipata mfadhili nitaandika." Ukisoma *Maisha Yangu* unaona mwenzetu hakusubiri. Mke wake Amina alipofariki, msiba ule aliuandikia. Alipotaka kuwausia watoto wake, mausia yakawa tenzi mbili: *Utenzi wa Hati* kwa binti na *Utenzi wa Adili* kwa mwana. Jambo la nyumbani kwake lilikuwa kazi yake ya kalamu. Na hakuona haya kupeleka miswada mbali. *Pambo la Lugha* kilichapwa na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg. Fikiria bahasha kutoka Tanganyika mpaka Johannesburg katika miaka ile ya 1940, halafu jilinganishe na sisi tunaokata tamaa ujumbe ukikosa kujibiwa kwa siku mbili.

Tena si kila alichoandika alikiona kikitoka. *Kufikirika* kilitoka 1967, *Utubora Mkulima* na *Siku ya Watenzi Wote* vikatoka 1968. Mwenyewe alikuwa kaburini.

Hata hivyo, *Maisha Yangu* kina upungufu wake, na uhakiki usiosema upungufu ni barua ya posa tu. Mzee anatuonyesha sana matunda na anatuficha jembe. Mimi ninayejifunza nilitamani kuona mahali kalamu ilipogoma, shairi lililokataa kukaa sawa, ukurasa alioufuta mara tatu. Badala yake napewa hekima iliyokwisha kupikwa na kupakuliwa. Ninashiba, lakini bado sijui kupika.

Sasa nije kwa Siti.

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, kama mwaka 1880, akapewa jina la Mtumwa. Jina lenyewe linakueleza alizaliwa upande gani wa jamii. Hakupelekwa shule. Alifinyanga vyungu na kwenda kuviuza mjini. Karibu na 1911 akahamia mjini kabisa, na huko ndiko alikokutana na Muhsin Ali, mtu wa taarabu, aliyemfundisha kuimba kwa ala na kumkutanisha na wanamuziki wengine. Mwaka 1928 Siti na wenzake walikwenda Bombay kurekodi santuri za HMV, naye akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki ambaye sauti yake ilirekodiwa. Alifariki 1950.

Angalia vizuri historia hiyo. Tunapenda kuisimulia kana kwamba kipaji kilitoka Fumba kwa miguu yake chenyewe. Si kweli. Kulikuwa na Muhsin aliyesikia sauti ya muuza vyungu akaacha shughuli zake amfundishe. Kulikuwa na wapigaji kama Subeti Ambari, Buda Swedi na Mbaruku waliokaa nyuma yake ukumbi hadi ukumbi. Na baadaye kulikuwa na msichana aliyejifunza kwa kumsikiliza Siti, akakua akawa Bi Kidude, ambaye tulimzika 2013 akiwa ameimba dunia nzima. Mnyororo huo ukikatika pete moja, hatuna hadithi.

Shaaban Robert ni pete mojawapo, na hapa ndipo ninapomvulia kofia. Alikutana na Siti na kuzungumza naye kabla hajafariki. Hakusubiri tanzia. Yeye wakati huo ni mtu mwenye jina katika mashairi, naye akaona mwimbaji asiyejua kusoma anastahili kitabu. *Wasifu* ulitoka 1958, miaka minane baada ya kifo chake. Santuri ni kitu cha kuvunjika, na sauti haina mahali pa kukaa kama hakuna aliyeiandika. Yule mwanamke asingeweza kujiandika mwenyewe. Mwenzake akamkopesha kalamu yake.

Basi nikajiambia, huo ndio msaada. Shaaban hakumpigia makofi tu na kuondoka. Alikwenda, akauliza, akasikiliza, akaandika.

Lakini nilipofunga kitabu nilibaki na njaa, na njaa yangu ni hii. Shaaban anausifu mno wema wa Siti kuliko uimbaji wake. Kila penye tukio pana mahubiri karibu yake. Siti anakuwa ngazi ya mwandishi kupandia kwenye adili zake. Nimemaliza nikijua kwamba Siti alikuwa mtu mwema, mwenye subira, mwenye staha, lakini sijamsikia. Walibishanaje na wapigaji wake juu ya wimbo mpya? Alishindwa lini, akaona aibu, akarudia? Msanii mwanafunzi anahitaji hayo kuliko sifa. Nikaandika katika daftari langu: "Hata Shaaban alimwambia mwenzake 'hii kitu ni moto'." Nikajiona nimempata.

Jioni ile nikaisoma hoja yangu kijiweni. Pale huwa tupo watu sita, saba, tunasomeana chini ya mwembe karibu na fundi baiskeli. Kuna dada mmoja anayeimba taarabu kwenye maharusi, anayejua yeye mwenyewe jinsi mtu anavyotunzwa noti ukumbini na kusengenywa njiani. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia:

"Kaka, wewe umesoma kitabu, lakini mwanamke hujamwona. Siti walimtungia wimbo mzima wa kumcheka kwamba katoka shamba na nguo duni. Sura yake waliisema, kwao walikusema. Mtu aliyechambwa na mji mzima unataka na Shaaban naye aje amkosoe? Yule hakuhitaji mkosoaji mwingine. Alihitaji shahidi."

Nilinyamaza. Nilikuwa nimesahau kwamba Siti aliwajibu wale waliomcheka kwa wimbo wake mwenyewe, akiwaambia kwamba uzuri wa sura si kitu. Ukilijua hilo, zile sifa za Shaaban zinabadilika rangi. Anaposisitiza tabia njema na akili ya Siti, anawajibu watu. Kuna kesi mbele yake na yeye amesimama upande wa mshitakiwa. Mahubiri yanabaki mahubiri, siwezi kusema yamegeuka asali, na bado namdai Shaaban ile sauti niliyoikosa. Lakini neno nililoandika katika daftari langu nimelifuta. Si haki kumweka yeye na mimi kwenye benchi moja. Yeye alisifu baada ya kusikiliza. Mimi nilisifu ili nisisome.

Hiyo ndiyo tofauti ambayo kitabu hiki kimenifundisha, na naona ni ugonjwa wetu vijana tunaoandika. Tunasifiana kwa uvivu. Mwenzako akisoma shairi, "umetisha, mzee!" Akisimama wa pili, "umetisha!" Wa tatu vilevile. Kila mtu anakwenda nyumbani na furaha na hakuna aliyekwenda na kazi. Kitabu cha mwenzetu kikitoka tunaomba nakala ya bure, halafu hatuisomi. Upande wa pili kuna wale wanaojiita wakosoaji, ambao furaha yao ni kumvua mtu nguo mbele ya wenzake. Wote hao wawili wana kosa moja: hawajasoma.

Kwa hiyo nilikwenda kwa rafiki yangu nikatoa nakala moja uvunguni. Alikataa hela yangu, nikaiacha juu ya meza. Nilikisoma kitabu kile siku kumi, na penseli mkononi, kila sura, hata ile ya maiti ya daladala. Nikaandika kurasa nne. Nimemwambia wapi hadithi inavunjika. Nimemwambia pia kwamba kuna mama mmoja muuza maandazi katika sura ya sita ambaye ni mtu kamili, anapumua, na kwamba kama angeanza naye tangu mwanzo angekuwa na riwaya. Hilo la pili sikulisema kwa huruma. Sikulijua kabla, kwa sababu sikuwa nimefika sura ya sita.

Alizisoma zile kurasa tumekaa barazani kwao. Kisha akaniuliza, "Haya yote kwa nini hukuniambia mwanzo?"

Sikuwa na jibu. Mpaka naandika makala hii sina.

Vijana wenzangu, sina ubavu wa kumfundisha mtu, maana sijatoa hata kitabu kimoja. Ninachosema ni kwamba msome *Wasifu wa Siti binti Saad*, si kwa ajili ya mtihani. Msome mkijiuliza ni nani mtaani kwenu leo anayefinyanga vyungu vyake na hakuna aliyekaa naye chini kumsikiliza. Mkimpata, msimpe sifa haraka. Mpeni kwanza muda wenu.

Daftari langu mimi liko sura ya tisa. Likiisha atakayelisoma wa kwanza ni yeye, yule rafiki yangu. Nimemwomba asinihurumie, naye amesema tutaona.