Mzinga Juu ya Mgunga

Gogo la muringa halitoki nyikani. Linatoka mashambani, kwenye ubichi wa miteremko ya Mlima Kenya, na fundi analiteremsha hadi Ruiri kwa mkokoteni wa punda likiwa na urefu wa mita moja na kitu. Huku chini, ardhi inakoelekea Isiolo, kuna migunga na vikwata. Hiyo haigusi kwa shoka. Ndiyo malisho ya nyuki wake.

Anaanza na magome, anayabandua kwa panga bila kuujeruhi mti wa ndani. Kisha anapaka samadi mbichi kwenye ncha zote mbili na kuliacha gogo kivulini. Likikauka kwa pupa litapasuka, na mzinga wenye ufa unaoingiza mwanga nyuki huukimbia.

Kazi yenyewe ni kutoboa. Anachora duara kwenye ncha kwa kaa la moto lililozimika, anaacha ukingo wa vidole viwili, halafu anashika patasi ya mpini mrefu na nyundo ya mbao. Vibanzi vinatoka vyembamba, vyeupe, kimoja baada ya kingine. Akifika katikati anageuza gogo na kuanza upande wa pili, hadi mashimo mawili yakutane. Hapimi kwa futi. Anaingiza mkono mpaka begani, anapapasa ukuta, anautoa, anagonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Panapolia kwa uzito, patasi inarudi hapo.

"Usiharakishe kuta, mwanangu," ananiambia, "jua la huku linapenya ubao mwembamba." Ni kweli. Nyuki hutunza watoto wao kwenye joto la takriban nyuzi 35, na katika nyika hii unene wa mti unawapunguzia kazi ya kupepea.

Vifuniko ni viwili, vya mviringo. Kimoja kina matundu madogo, anapita nyuki, hapiti panya. Mwisho anayeyusha nta na kuisugua ndani, kundi linalotafuta makao livutwe na harufu.

Kuutundika kunahitaji jicho jingine. Mzinga haukai kwenye panda la shina, kwani nyegere angeufikia. Unaning'inia kwa waya kutoka tawi lililotanda, unayumba peke yake hewani, umeinamishwa kidogo maji ya mvua yasituame. Anaufunga, anashuka, anautazama kutoka pande zote, anapanda tena kurekebisha upana wa kiganja. Kisha anakaa chini ya mti na kunyamaza. Haoni haja ya mtu mwingine kuwapo.

Waandishi wa jangwa wameusifu sana upweke wa namna hii. Edward Abbey alichapisha Desert Solitaire mwaka 1968, baada ya kufanya kazi ya ulinzi wa mbuga ya Arches huko Utah, akizilaumu barabara na magari. Wilfred Thesiger, aliyekata Rub' al Khali kwa ngamia na baadaye kuishi Maralal, naye hakupenda injini. Nawaheshimu, lakini nyika yao mara nyingi hukosa mtu mwenye patasi. Hapa Ruiri anayetaka kuchoma makaa hutazama juu kwanza. Mgunga wenye mzinga una mwenyewe, na hakuna kibao cha serikali kinachosema hivyo kwa ufupi zaidi.

Mizinga ya vibao vya juu, iliyobuniwa nchini Kenya miaka ya 1970, ni rahisi kuvuna, na anayeipenda ana sababu zake. Huu wa gogo unadai adabu. Usiku, moshi wa magome makavu ukishawatuliza nyuki, fundi anaushusha kwa kamba, anafungua kifuniko cha nyuma na kukata masega ya upande huo peke yake. Yenye watoto hayaguswi. Hata ya asali anaacha mengine, ingawa ndoo haijajaa. Ukame ukija nyuki wenye njaa huhama, na mzinga mtupu unaweza kukaa muda mrefu kabla kundi jingine halijaukubali.