Kumtambua Fundi kwa Mgongo wa Wembe

Ukipokea wembe wa kukunja uliotoka kunolewa, usikimbilie kujaribu makali yake kwenye vinyweleo vya mkono. Makali yakiisha hurudishwa, na mtu yeyote mwenye jiwe zuri na subira anaweza kuyarudisha. Geuza wembe kwanza, utazame mgongo. Chuma kilicholika pale hakirudi, na hapo ndipo utajua wembe umepita mikononi mwa mtu wa namna gani.

Sababu iko katika umbo lenyewe. Wembe hunolewa ukiwa umelazwa juu ya jiwe, mgongo na makali vikigusa kwa pamoja, kwa hiyo unene wa mgongo ndio unaopanga pembe ya makali. Chukua wembe wa kawaida wa Solingen, Ujerumani, wenye bapa la upana wa milimita 16. Mgongo ukiwa na unene wa milimita 4.6, pembe ni takriban digrii 16.5, inayofaa sana kwa ndevu. Mgongo huo ukilika milimita 1 tu, pembe inashuka hadi digrii 13, na makali membamba kiasi hicho hayakai; yanamegukameguka.

Kila upande wa mgongo utaona ukanda unaong'aa, palipogusa jiwe. Ukiwa mwembamba na wenye upana ule ule mwanzo hadi ncha, wembe umetumika tu, hauna kasoro. Ukiwa umetanuka upande wa mpini, aliyenoa alikuwa akikandamiza kwa kidole. Ukiwa mpana upande mmoja na mwembamba wa pili, mkono wake ulikuwa mzito kwenda na mwepesi kurudi. Na kama unanunua wembe, ule ambao makali yake yamebonyea katikati mwachie muuzaji, hata kama bei ni ya kutupa.

Ili mgongo usilike, mafundi wengi huuvika tepu ya mafundi umeme kabla ya kugusa jiwe. Wanaoipinga wana hoja ya kweli: umbo la wembe huu linataka mgongo na makali vilike pamoja, ili pembe isibadilike bapa linapopungua upana. Kwa wembe mzima unaoguswa na jiwe laini mara chache kwa mwaka, nakubaliana nao. Lakini wembe mkuukuu unaohitaji jiwe la namba 1000 ili utengenezwe pembe upya, au wenye nakshi mgongoni, kuunoa bila tepu ni kuuharibu. Tepu yenye unene wa milimita 0.15 huongeza karibu digrii 1 kwenye bapa la milimita 16. Kwa hiyo muulize aliyekunolea kama alitumia tepu, na tabaka ngapi. Wembe ulionolewa kwa tepu ukirudishwa jiweni bila tepu, jiwe litagusa nyuma ya makali, nawe utasugua muda mrefu bila kuufikia ukingo. Fundi wa kweli hubadilisha tepu kila anapobadilisha jiwe, kwa sababu iliyolika hupotosha pembe, na gundi yake hubeba punje za jiwe lililotangulia.

Punje hizo ndizo zinazomtenga bingwa na mjuzi wa kawaida. Za jiwe la 1000 ni kubwa takriban mara kumi kuliko za jiwe la 8000. Ichukue lenzi ya sonara, uyatazame makali chini ya taa. Mikwaruzo myembamba inayofanana, iliyolala upande mmoja, ni kazi safi. Ukiona katikati yake mkwaruzo mmoja mnene unaokwenda hadi ukingoni, basi wembe au jiwe halikusuuzwa. Kuna mawe ambayo kwayo kusuuza ni sehemu ya ufundi wenyewe. Jiwe la njano la Vielsalm, Ubelgiji, lina punje za garneti. Likisuguliwa kwa kijiwe kidogo hutoa tope linalokata haraka, na tope hilo likizimuliwa kwa maji, tone baada ya tone, jiwe lile lile huanza kulainisha. Atakayekosa subira ya kuzimua atakupa makali yanayonyoa na kuwasha.

Mtazame pia anavyofuta. Kitambaa laini hutoka mgongoni kuelekea ukingoni, kikaishia hewani. Anayekivuta kufuata urefu wa makali anaharibu kazi aliyoimaliza sasa hivi, na anaweza kujikata vibaya.

Kisha chungulia ndani ya mpini. Maji ya jiwe hujificha penye msumari unaoshika bapa, na kutu huanzia hapo mahali jicho halifiki. Fundi makini hupitisha karatasi laini katika mwanya ule, kisha huacha wembe wazi ukauke. Gundi ya tepu huondolewa kwa spiriti kidogo kwenye kitambaa, mbali na mipini ya seluloidi, ambayo hulainika ikiguswa na spiriti. Seluloidi iliyozeeka ina ubaya mwingine: huanza kuoza na kutoa mvuke unaokula chuma, hata wembe ukiwa kabatini. Maandishi ya dhahabu kwenye bapa ni utando mwembamba mno, na pasta ya kung'arisha huyafuta. Weusi wa uzee usiogope. Kutu nyekundu ndiyo adui.

Kwa aliye Mombasa au Unguja, hewa ya chumvi haimsamehe mzembe. Tone moja la mafuta ya cherehani lisambazwe juu ya bapa, na wembe usiwekwe katika mfuko wa ngozi, kwa kuwa ngozi hushika unyevu. Mafuta hayo yafutwe yote kabla ya wembe kupitishwa kwenye mkanda wa kulainishia makali, maana mkanda ulionywea mafuta hunasa vumbi, na vumbi hilo hukwaruza.