Sauti ya Jamaika na Litungu la Mara

Mwaka 1979 Bob Marley, mwimbaji wa rege wa Jamaika, alitoa santuri ya nyimbo kumi iitwayo Survival. Jalada lake lilipambwa kwa bendera za mataifa ya Afrika, na wimbo mmoja ulihusu ukombozi wa Zimbabwe. Kwa Mara jambo hili si geni: Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, aliongoza umoja wa nchi za mstari wa mbele katika ukombozi huo. Uhuru ulipopatikana Aprili 1980, Marley aliuimba wimbo huo Salisbury, ambayo leo ni Harare.

Ubora wa santuri hii ni kwamba fani haikutengana na maudhui. Mdundo wake una mizizi katika ngoma za Jamaika; hivyo wito wa umoja unasikika kuwa kauli ya watu, wala si hotuba iliyotiwa ala. Upungufu wake ni kuhimiza umoja bila kuonyesha gharama yake.

Basi kijana wa Musoma au Bunda anayeiga nywele na mdundo wa Marley amechukua ganda akaacha kiini. Marley alichota katika kisima cha kwao. Nasi tunalo litungu la Wakurya. Aliyeielewa santuri hii ataanzia hapo.