MTOTO WA NUSU KWA NUSU



Mwenye kuandika maneno haya ni mtu wa Pangani, ila riziki ilimpeleka bara, na miaka mingi sasa anasomesha chuo hapa Makambako, mahali ambapo njia ya Zambia hukutana na njia ya Njombe na Songea, na ambapo reli ya TAZARA nayo ina stesheni yake. Madereva, watu wa reli, wafanyabiashara wa mbao na viazi wamekuja hapa kutoka kila upande, wakaoa Wabena, Wakinga na Wahehe. Katika wanafunzi wangu wapo ambao nikiwauliza kwao ni wapi, hunitazama kwanza kujua nataka jibu gani.

Mmoja katika hao, baba yake mtu wa kwetu pwani na mama yake Mbena wa Njombe, alirudi likizo na kitabu kinene cha Kiingereza alichopelekewa na ami yake aliyeko ng'ambo. Mama akaona picha za watu wenye pembe, akaogopa, akanijia nacho. "Maalim, kitazame hiki. Kama ni cha uchawi tukichome." Nikakisoma kwa miwani na kamusi, na kwa msaada wa kijana mwenyewe, kisha nikamtaka anieleze na chapa zilizotangulia. Haya ndiyo niliyoyaona.

Mchezo huo waitwa Dungeons & Dragons. Ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Watu hukaa mezani, mmoja akahadithia, na wengine kila mmoja akajitwalia mtu wa kubuni na kumwandikia sifa zake kwa tarakimu katika karatasi: nguvu, akili, haiba, na kadhalika. Penye shaka hutupa dadu. Basi si uchawi. Ni hadithi, na sisi tuliolelewa kwa visa vya Abunuwasi hatuwezi kusema kuwa kubuni kisa peke yake ni dhambi. La kuangaliwa ni kile ambacho kisa kinamfundisha mtoto.

Katika hadithi hizo mna viumbe wa namna nyingi. Mna waelfi, wazuri wa sura, wenye masikio yaliyochongoka na umri mrefu mno. Na mna waorki, majitu ya vita na ukatili. Binadamu akizaa na hawa, mtoto huitwa nusu-elfi au nusu-orki. Kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978 kiliamuru nusu-orki aongezewe nguvu na ustahimilivu kwa moja moja, lakini apunguziwe haiba kwa mbili. Na kikasema kwamba katika machotara hao ni kama mmoja tu katika kumi anayeweza kupita akadhaniwa binadamu, na huyo ndiye anayefaa kuchezwa.

Tazama hapo, ndugu msomaji. Mtoto hajatenda jema wala baya, na tayari ameandikiwa upungufu kwa ajili ya mzazi wake, na bora wao ni yule awezaye kujificha! Chapa ya mwaka 2014 haikumpunguzia haiba, lakini bado damu ndiyo iliyogawa sifa: nusu-elfi akapewa haiba, nusu-orki akapewa nguvu.

Kitabu alichokuja nacho kijana ni cha mwaka 2024. Humo tarakimu zile zimeondolewa katika nasaba ya mtu na kutiwa katika malezi na kazi yake. Hili ni jema na nalisifu. Ila nusu-elfi na nusu-orki hawamo tena katika orodha. Wametajwa watu wa namna 10, muorki mwenyewe yumo, lakini mtoto wa muorki na binadamu hana mahali pake. Walioona kuwa mtoto huyu alitukanwa wamemfuta daftarini, na dhana iliyomtukana wameiacha mlango wa pili. Kwani katika orodha hiyo hiyo yumo tiflingi, ambaye mababu zake huwa mashetani, na yumo aasimari, ambaye huwa kizazi cha malaika au aliyetiwa nguvu zao.

Hapo Muislamu hana budi kusimama. Malaika wameumbwa kwa nuru, hawali wala hawazai. Nabii Ibrahim (a.s.) aliwaandalia ndama wa kuchoma, akaona mikono yao haikifikii chakula, akaingiwa na hofu. Nimemwambia kijana ukurasa ule wa aasimari ni upuuzi mtupu, aupite.

Ama majini, nanyi wa pwani msicheke, maana hapa twaingia majumbani mwetu. Mchezo huu tangu miaka ya 1990 una watu waitwao genasi, wenye asili ya majini wa upepo, moto, maji na udongo. Nilipolisoma hilo nikajiona niko barazani Pangani. Ni nani kwetu asiyesikia kuwa fulani ana mume wa kijini? Ni mtoto gani aliyechelewa kusema, au mwenye kifafa, ambaye bibi mmoja hakunong'ona kuwa huyo si wa baba yake, ni wa jini?

Maulamaa wamelizungumza jambo hili. Al-Shibli, kadhi aliyefariki mwaka 769 Hijria, alilifanyia milango mizima katika kitabu chake juu ya hukumu za majini, na wengine kabla yake na baada yake wamehitilafiana. Lakini jibu lililopokewa kutoka kwa Imam Malik ndilo la mtu aliyeujua ulimwengu. Aliulizwa juu ya jini anayetaka kuposa, akasema hakioni cha kukataza katika dini, ila anachukia mwanamke aje akutwe na mimba, aulizwe mumeo nani, aseme ni jini, na ufisadi ukazidi katika Uislamu. Imam hakushughulika na umbo la mtoto atakayezaliwa. Aliona mara moja kuwa jini atakuwa kisingizio cha watu. Na kwetu kisingizio hicho humwangukia nani? Humwangukia mtoto. Asiyesema hapelekwi hospitali, hupelekwa kwa mganga. Sisi tuliokuwa hapa mwanzoni mwa mwaka 2019, watoto walipouawa na kukatwa viungo katika mkoa huu wa Njombe na ushirikina ukatajwa kuwa ndiyo sababu, hatuwezi tena kuvumilia maneno ya kumtoa mtoto katika ubinadamu, hata yakisemwa kwa mzaha.

Mafakihi wetu wa Kishafii nao wanayo kanuni ya aliyezaliwa baina ya wawili. Katika nasaba humfuata baba. Katika utumwa na uhuru, zama zile, alimfuata mama. Katika dini humfuata aliye bora wa wazazi wawili. Kila jambo lina hukumu yake, wala hakuna tarakimu moja ya kumpimia mtu mzima. Na Usama bin Zayd (r.a.), mama yake Baraka wa Kihabeshi, alikuwa mweusi na baba yake mweupe, watu wakaitilia shaka nasaba yake. Siku moja Mujazziz, mjuzi wa kusoma maumbile, aliwakuta wamelala wamefunikwa vichwa, akaiona miguu yao tu, akasema miguu hii yatokana mmoja na mwenzake. Mtume (s.a.w.) akaingia kwa Bibi Aisha uso ukimng'aa kwa furaha. Usama huyo, angali kijana, ndiye aliyekabidhiwa jeshi lililokuwa na masahaba wakubwa ndani yake.

Sasa nirudi Makambako. Madukani hapa neno chotara limeandikwa juu ya mifuko ya mbegu za mahindi, na sokoni wanauza kuku chotara. Kijana wetu wenziwe humwita hivyo hivyo, Chotara, na akishuka Pangani kwa bibi yake huitwa Mbena. Nilipomwuliza katika watu wote wa kitabuni amemchagua nani, akatoa karatasi ya kukunjwa. Alikuwa ameandika nusu-elfi, akamtoa katika chapa ya zamani, kwa sababu katika kitabu kipya hakumwona. "Maalim, huyu ndiye wa kwangu. Kwa nini wamemtoa?"

Sikumwambia alifute. Nilimwambia aandike chini yake jina la baba yake mtu yule na jina la mama yake, kwani karatasi ilikuwa na nafasi ya silaha na ya dhahabu, na ya wazazi haikuwamo. Mama yake nikamwambia kitabu kisichomwe.

Dadu nimemzuia, maana hadithi juu ya nardi ni kali na madhehebu yetu yameishikilia. Akanung'unika kuwa bila dadu itabaki hadithi tupu. Nikamwambia basi anihadithie. Alianza baada ya Magharibi, wenziwe wawili wakaja na mashuka yao kwa ajili ya baridi, na ilipoadhiniwa Isha nusu-elfi wake alikuwa bado hajavuka mto.